Saa ya Chiriku na Rimoti ya Baba

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi mbili: kumvalisha mdogo wake aliyekuwa akitambaa, na kufuta vioo vya teksi ya Baba. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Akiamka anaongea, akipiga mswaki anaongea, na Mama alisema hata usingizini hapumziki.

Jumamosi hii alifuta vioo kimya.

Jana yake jioni Fundi alirudisha gari baada ya kutengeneza kitasa cha mlango wa dereva. Baba alibonyeza rimoti mbele yake, milango ikafunguka, wakaagana vizuri. Ufunguo na rimoti yake vikatundikwa kwenye msumari.

Sasa Chiriku alikuwa na saa ya mkononi yenye taa, zawadi ya shangazi yake. Ilikuwa imezimika, na wenzake darasani walimcheka. "Saa yako imekufa. Mazishi lini?" Naye aliwahi kumwona Baba akifungua rimoti kwa sarafu, akajua ndani yake mna betri ya duara kama ya saa. Basi jioni hiyohiyo, Mama alipokuwa akimwogesha mdogo wake, Chiriku alizibadilisha betri. Betri ya rimoti akaitia kwenye saa, betri mfu ya saa akaitia kwenye rimoti. Ile ya rimoti ilikuwa nene kidogo, kifuniko cha saa kikagoma kufunga sawasawa. Akakikandamiza kwa meno. Saa ikawaka.

Asubuhi Baba alibonyeza rimoti, kimya. Akafungua mlango kwa ufunguo, king'ora kikalia mpaka majirani wakachungulia, na injini ikakataa kuwaka. Abiria aliyekuwa akimngoja akachukua teksi nyingine. Baba alikwenda kituoni kwa miguu, akawaambia madereva wenzake wote wasimpelekee tena gari Fundi yule, kwamba anatengeneza hiki anaharibu kile.

Habari zikamfikia Fundi, akaja na mkoba wake. Akabandua upya ubao wa ndani wa mlango, akakagua waya mmoja mmoja juani, shati limelowa mgongoni. Chiriku alitumwa kumpelekea maji. Alimpa huku akitazama chini.

"Asante, mwanangu," alisema Fundi. "Leo chiriku wetu hajaamka?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko fimbo.

Waya zote zilikuwa nzima. Mwisho Fundi akaifungua rimoti yenyewe.

"Kaka, betri hii si yake. Ni nyembamba."

"Basi umeibadilisha wewe," Baba alisema. "Rimoti ilishinda gereji kwako."

Fundi aliweka bisibisi chini polepole. Akasema jana rimoti ilifungua milango mbele yao wote wawili, kwamba amelitengeneza gari hili tangu Chiriku hajazaliwa, na hajawahi kuitwa mwizi.

Chiriku aliingia ndani mbio, bado hajui kama anaifuata saa ili airudishe au aifiche. Akamkuta mdogo wake ameketi mkekani, saa mdomoni, kifuniko chake kimeanguka. Betri ilining'inia ukingoni mwa saa, mbele ya ulimi wake.

"Mama!"

Ilikuwa sauti yake ya kwanza kusikika tangu alfajiri. Aliinyakua saa, na Mama akafika, akampekua mtoto mdomo wote, kisha akaitazama ile betri kiganjani mwa Chiriku. Angeweza kusema ameiokota.

"Nimeitoa kwenye rimoti ya Baba," alisema. Akatoka nje akarudia maneno yaleyale mbele ya Fundi, machozi yakimtiririka.

Fundi akaipangusa betri, akaitia, akabonyeza. Gari likaitika kwa mlio wake mfupi. Hakuna aliyecheka.

Baba aliomba msamaha kwa sauti ndogo.

"Mimi nimesamehe, kaka," Fundi alijibu. "Lakini kule kituoni sikuwepo nijitetee."

Baba akainamisha kichwa. Akamfungulia Chiriku mlango wa gari. "Twende. Wewe utasema ulichofanya, na mimi nitasema nilichosema."

Mama alisogea kwenye dirisha la gari, amembana mtoto kifuani kama anayeogopa atanyang'anywa.

"Sikia, mwanangu. Betri hizi mtoto akimeza zinamuunguza koo kwa ndani. Ungenyamaza, na yeye angeimeza, mimi ningemwambia daktari nini? Ningesema mtoto analia tu, sijui kwa nini. Ukikosea, sema siku ileile. Nitakufokea, ndiyo, tena sana. Lakini kufokewa kunaisha."