Hodi Iliyotoka Chini

Siku hiyo ya Krismasi bahari ilikuwa imetulia kama maji ya mtungini, na hata hivyo glasi tatu mezani, ndani ya chombo kilichotia nanga, zilikuwa zikigongana. Mshona matanga aliziangalia kwa muda. Huenda meli ilikuwa imepita mbali na kuacha mawimbi. Lakini dirishani hakukuonekana meli, na mwali wa mshumaa uliowaka kando ya glasi hizo haukutikisika hata kidogo.

"Nyumba gani hii inayocheza kama jino bovu?" alisema mama mkwe wake, aliyekuja kula sikukuu na mwanawe. Alikuwa ameketi chini ya taa za rangi, akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, kwani joto la adhuhuri lilikuwa limejaa chomboni kama tanurini. "Watu wazima na akili zao, wanalala majini kama bata. Wewe fundi ndiye uliyemponza mwanangu."

"Mama, leo sikukuu," alisema mume wa mshona matanga, ambaye majirani walimwita Kapteni kwa kumtania tu, maana hakuwahi kuongoza chombo kingine zaidi ya hicho.

Ndipo kitu kilipogonga. Mara tatu, kwa adabu.

Waishio majini wana desturi moja wasiyoivunja: mgeni hugonga ubavu wa chombo, na mwenyeji huchungulia kwanza amwone, ndipo amkaribishe. Mama mkwe alikuwa mtu wa nchi kavu. Kwake hodi ilikuwa na jibu moja, na siku ya Krismasi zaidi.

"Karibu!" aliita. "Ingia, chakula kiko mezani!"

Mshona matanga alikuwa amekwisha kugeuka amzuie. Kugonga kule hakukutoka ubavuni. Kulitoka chini ya sakafu, mahali pasipo na kitu ila maji.

Harufu ikatangulia, ya tope la kale na kutu. Kifuniko cha sakafu kikaruka hadi darini, maji meusi yakamrukia mama mkwe kinywani, naye akayameza yote kwa mkupuo mmoja, macho yamemtoka.

Aliposimama, hakushika kiti kama kawaida yake. Alimkamata mwanawe shingoni kwa mkono mmoja, akambamiza ukutani hata taa za rangi zikakatika, kisha kwa mkono wa pili akaupinda mkono wa kijana wake mpaka mfupa ukalia kama kuni kavu. Kapteni alikuwa na nguvu za kutosha kumsukuma, hakumsukuma.

"Ni mama," alikoroma. "Usimpige... ni mama."

Mkewe alikuwa ameshika sindano yake ya matanga, ndefu kuliko kiganja, yenye ncha ya pembe tatu.

"Mwanangu," kinywa cha mama mkwe kikamwambia mshona matanga kwa upole, "mwanangu kipenzi, utamchoma mama yako kweli?"

Kisha kinywa hicho hicho kikapinda, na sauti nyingine ikakwaruza kutoka humo: "Choma, fundi! Unangoja kadi ya mwaliko? Choma mkono!"

Zilikuwa sauti mbili za kinywa kimoja, na muda wa kuzipima ulikuwa ule tu ambao pumzi ya mumewe ingedumu. Ile ya kwanza ilikuwa na huruma, na ushahidi wote wa kawaida ulisimama upande wake, kwa kuwa damu iliyochuruzika puani ilikuwa damu ya binadamu mzee na mkono ule ulikuwa mkono uliomlea huyo huyo uliokuwa ukimuua, lakini katika miaka yote ya ndoa mama mkwe hakuwahi kumwita yeye kipenzi, hata siku moja, hata kwa kuteleza ulimi, na kwa hoja hiyo moja tu mshona matanga akaamua kwamba upole ndio uongo, akaisukuma sindano kwa nguvu zake zote katika kiganja cha yule mzee, kando ya shingo ya Kapteni, mpaka ikatokeza upande wa pili na kukita ubaoni.

Kilio kilichofuata hakikuwa cha mtu. Maji meusi yakamtoka kinywani na masikioni, yakakimbilia shimo la sakafu yakipiga mayowe, na Kapteni akaanguka akikohoa.

Mshona matanga aliichomoa sindano, akafunga kiganja kwa kitambaa cha meza. Mama mkwe alikuwa hai.

"Umechelewa," alinong'ona. "Mvivu."

"Kimekwenda, mama."

"Najua kimekwenda. Nilikuwa nacho humu." Meno yake yalikuwa yakigongana katika joto lile. "Ninyi mmekisikia kikipiga kelele. Mimi nilikielewa. Kilikuwa kitoto tu, fundi. Kilikuwa kinamwita mama yake."

Omo, sehemu ya mbele ya chombo, ikaanza kuinama polepole, katika bahari isiyo na wimbi. Nje, kamba ya nanga ilikuwa imekazika kuelekea chini moja kwa moja.

"Kata kamba!" alisema Kapteni kutoka sakafuni. "Kata, mke wangu, kata!"

Mshona matanga alikimbilia omo na kisu, akakata. Kamba ikaanguka majini ikiwa imelegea, na omo ikaendelea kuinama; kilichokuwa kikiivuta sasa kilikuwa kimekishika chombo chenyewe.