Kisasi cha Gunia la Chai

Kila Jumapili asubuhi, Wakatoliki wa kijijini wakiwa misani, Nyanchera na mama yake walikuwa shambani wakichuma chai. Wao walikuwa Waadventista. Jumamosi walikwisha kuimba na kupumzika. Kuchuma chai si kazi ngumu kuieleza. Unachukua majani mawili na chipukizi, basi. Jani la tatu ni tamaa, na jani gumu la chini ni aibu. Mama yake, Bathsheba, alikuwa mwanakamati wa kituo cha chai, na jambo hilo alilihubiri mikutanoni mpaka watu wakamwita Mama Chipukizi, ingawa hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa karibu.

Muhula mmoja Nyanchera alichuma akiwa na mgeni. Mgeni alilala chali juu ya michai, kifua wazi, na kijiwe juu yake ili upepo usimfunge. Alikuwa kitabu. Mama akiwa mistari kadhaa mbele, amempa mgongo, Nyanchera alichuma kwa mikono miwili na kusoma kwa macho mawili, akaona hesabu imekaa sawa.

Kitabu chenyewe Mwalimu Masese alikiokota katika rundo la vitabu vikuukuu sokoni Keroka, akakileta Gredi ya Saba. Kilikuwa riwaya ya zamani, tafsiri ya Kiswahili, habari za Rodamo, mfua panga aliyesingiziwa wizi na binamu zake watatu, akauzwa kwenye machimbo ya chumvi. Miaka mingi baadaye anarudi na jina jipya na ndevu mpya, anawaangusha mmoja baada ya mwingine. Kilikuwa kinene hivi kwamba wanafunzi walikiita Tofali. Mtu akikichukua, wenzake walimhesabu kama mgonjwa: haongei, hali, na ukimgusa anauma.

Mapumziko shuleni yaligeuka vita. Walipigana kwa mabua ya mahindi, mabua yakaisha wakapigana kwa rula, rula zikavunjika wakabaki na ngumi. Ondieki, aliyejitolea kuwa binamu mwovu, alirudi darasani na mdomo uliofura kama mandazi. Mwalimu alipomuuliza kulikoni, alisema kwa fahari, "Nimeuawa, Mwalimu."

Makori ndiye aliyesoma Tofali kwanza. Alikuwa jirani ya Nyanchera, mwenye kicheko cha karibu sana na ulimi wa karibu zaidi. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwaharibia wenzake hadithi.

Jumapili moja alasiri, Nyanchera alibeba gunia lake la chai hadi kituoni, akaliweka kwenye foleni. Nyuma yake alisimama Makori na gunia lao, bado amevaa shati la kanisani.

"Makori, niangalizie gunia. Nimebakisha kurasa chache za sura hii."

"Umefika wapi?"

"Langoni kwa binamu wa kwanza. Na usiniambie kitu."

"Mimi sisemi. Lakini yule mbwa wake Rodamo, usimzoee sana."

Nyanchera alimtandika kofi la mgongo lililosikika mpaka kwenye mizani. Makori akacheka. Nyanchera akaenda kukaa kando ya ukuta, akamkuta mbwa anakufa kweli, akalia kidogo, akarudi zamu yake ilipofika.

Karani alimwaga chai mezani. Mezani palikuwa na majani magumu ya chini, vijiti, na hata jani moja la mkaratusi lililokuja bila mwaliko.

"Hii ni chai au chakula cha ng'ombe?" karani aliuliza. "Mama Nyanchera, njoo uone. Hii ni ya kwenu."

Bathsheba alisogea. Alipitisha vidole katikati ya majani. Mtu mmoja nyuma kabisa akasema, "Mama Chipukizi," na watu wakaangua kicheko. Makori alicheka kuliko wote. Gunia zima lilikataliwa. Bathsheba alilibeba mwenyewe kichwani, akapita katikati ya wanawake aliokuwa akiwafundisha, akaenda kulimwaga chini ya migomba.

Njiani Nyanchera alifanya upelelezi, nao ulimchukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Nani alibaki na gunia? Makori. Nani alicheka? Makori. Nani alipigwa kofi la mgongo mbele za watu? Makori huyo huyo.

"Alibadilisha chai yangu," alimwambia rafiki yake Loice kesho yake.

"Umemuuliza?"

"Rodamo hakuuliza mtu."

"Rodamo alikuwa na farasi," Loice alisema. "Wewe una nini?"

"Nina kamba ya ng'ombe."

Rodamo alisubiri miaka mingi. Nyanchera alisubiri mpaka Jumatano. Siku hiyo mvua ya mchana ilipokatika, udongo mwekundu wa njia ya kushukia mtoni uliteleza kama sabuni. Wavulana wakitoka shule hawakuwa na adabu ya kutembea pale; walishuka mbio. Nyanchera alifunga kamba kwenye mkaratusi upande huu na kwenye kisiki upande ule, chini kidogo ya goti, kisha akajificha na fimbo. Loice aliachwa juu awe mlinzi. Alipomwona Makori anakuja alitaka kupiga kelele, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Makori alishuka akipiga mluzi. Kamba ilimkamata miguu yote miwili. Alipaa, na mluzi haukuisha mpaka alipotua. Alitua kwa mkono kwanza, halafu kwa mdomo, juu ya mzizi. Kulisikika mlio kama wa kuni kavu inayovunjwa gotini.

Nyanchera aliruka nje. Maneno aliyokariri yalikuwa tayari. "Unanikumbuka?" alisema kwa sauti nzito, na kumshushia fimbo begani.

Makori alitema tope na damu. "Si umekaa nyuma yangu leo darasani?"

Jibu hilo halikuwa kitabuni. Lilimpandisha hasira zaidi. Alimpiga fimbo ya pili mgongoni na ya tatu kwenye sikio, sikio likapasuka. Makori alimrushia teke la tumbo, akaanguka, wakabingirika pamoja mpaka majani ya mtoni. Alimng'ata Nyanchera kidole; Nyanchera akamkandamiza uso kwenye tope. Akainua ngumi. Ndipo alipouona mkono wa kushoto wa Makori. Ulikuwa na kiwiko cha pili, mahali ambapo Mungu hakuweka kiwiko.

"Nyanchera," Makori alisema polepole, jino likiwa limebaki kwenye mzizi kule juu. "Mkono wangu umefanya nini?"

Katika Tofali, watu walivunjika mikono kila sura tatu na hakuna aliyeuliza swali kama hilo. Nyanchera alikimbia. Loice ndiye aliyeita watu, na ndiye aliyewaambia yote.

Makori alipelekwa hospitali Keroka. Kabla giza halijaingia, kaka yake Angwenyi, kijana wa bodaboda mwenye mabega kama mlango, alifika kwa kina Nyanchera na panga. Hakubisha hodi. Alianza na migomba. Mgomba ni laini. Ulikatika kwa pigo moja na kuanguka kama mtu aliyezirai, mkungu ukiwa bado mbichi. Akakata wa pili, wa tatu, akapoteza hesabu, utomvu umemrukia usoni.

"Mtoeni!" alisema. "Mtoeni yule msichana wenu."

Bathsheba alisimama mlangoni. Nyanchera alikuwa nyuma yake, ameshika sketi yake kama mtoto wa chekechea.

"Angwenyi, tata, weka panga chini," Bathsheba alisema. Alimwita tata, baba, kama mama wa Kikisii anavyomwita mwanawe.

"Toka hapo, Mama Nyanchera."

"Sitoki."

Angwenyi alipiga kwa ubapa wa panga. Alitaka kupiga mlango. Alipiga kifundo cha mkono wa mama. Bathsheba alikunja uso lakini hakusogea. Majirani walimrukia Angwenyi, wakamlaza chini, mmoja akamkanyaga shingo, mwingine akampiga teke la mbavu, na wa tatu akawa anatafuta jiwe. Bathsheba ndiye aliyewazuia. "Mwacheni aende kwa mdogo wake," alisema, akishikilia mkono uliokuwa tayari unafura.

Alhamisi habari zilifika Nyamache kwa mjomba Thadeus. Akapiga simu. Dada yake apigwe na panga, naye yuko hai? Jumapili angefika na vijana wake, na Angwenyi angeijua familia hiyo. Bathsheba alimsihi atulie. Mjomba akakata simu.

Nyanchera alifurahi kusikia hivyo, tena hakuficha. "Wao ndio walianza," alisema. "Makori alibadilisha chai."

Mama alimtazama. "Una hakika?"

"Kabisa."

Ijumaa alasiri chai haikuweza kusubiri zaidi, na mkono wa mama ulikuwa umefungwa kwa leso. Nyanchera alichuma, mama akakaa pembeni ya mstari. Kisha mama akasema, "Haya, nisimulie huyo Rodamo wenu. Kila siku mnapigana kwa ajili yake, na mimi sijui hata alikosewa nini."

Nyanchera hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alianza polepole, akichagua majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi. Alipofika kwenye machimbo ya chumvi, sauti ilipanda. Alipofika kwenye lango la binamu wa kwanza, macho yalikuwa mbali, na mikono nayo ilisafiri. Panga za kitabuni zilipogongana, vidole vyake vilishuka ndani ya mchai na kung'oa chochote kilichokuwa karibu. Binamu alipochomwa kifuani, Nyanchera alitupa kikapuni konzi nzima na kijiti chake.

"Halafu?" mama aliuliza.

"Halafu akamwambia, unanikumbuka?"

"Sawa. Sasa niletee kikapu."

Bathsheba alikipindua juu ya gunia kwa mkono wake mzima. Majani laini yalianguka. Juu yake yakaanguka majani magumu ya chini, vijiti, na jani kuukuu lenye madoa.

Nyanchera aliangalia. Akachukua jani moja gumu, akalikunja, likavunjika. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amekigusa kikapu kile. Makori alikuwa kwao kitandani, ametoka hospitali, mkono wake ndani ya plasta.

"Mama," alisema. "Jumapili nilikuwa na kitabu shambani. Nilikuwa nasoma huku nachuma."

"Nilijua una kitabu mahali," mama alisema. "Sikujua kitabu hicho kingekuja na mkono uliovunjika wa mtoto wa watu."

Nyanchera alilia kwa namna ambayo hakumlilia yule mbwa. Alipomaliza, mama alisimama. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa kina Makori."

"Angwenyi ataniua."

"Hatakuua. Lakini ukikaa hapa, Jumapili mjomba wako anakuja na vijana, na mimi sijui nani atauawa."

Walimkuta Makori amekaa nje kwenye kiti, sikio limeshonwa, mkono umening'inizwa shingoni. Mama yake, Jacinta, alikuwa anakata mboga. Angwenyi alitoka ndani, akasimama kwenye ngazi, mbavu zake bado zinamuuma, ngumi amezikunja. Nyanchera alihisi haja ndogo.

"Makori hakugusa chai yangu," alisema, akiangalia miguu yake. Kisha akainua uso, kwa sababu miguu haikuwa imekosewa. "Ni mimi niliyechuma vibaya. Nilikuwa nasoma. Nilimvizia, nikamvunja mkono bure. Makori, nisamehe. Mama Makori, nisamehe."

Angwenyi alishuka ngazi moja. Jacinta alisema, bila kuacha mboga, "Angwenyi. Kwanza muulize mama wa watu mkono wake unaendeleaje."

Angwenyi aliutazama mkono uliofungwa leso. Ngumi zake zilifunguka zenyewe. "Nilitaka kupiga mlango," alisema kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Mlango ulipona," Bathsheba alimjibu.

Makori alicheka, akaumia mdomo, akanyamaza. "Sasa mimi nilishaambia kila mtu kule hospitali kwamba niliteleza nikijaribu kupaa," alisema kupitia pengo. "Hii ya kupigwa na Nyanchera inaniharibia jina."

"Ulicheka pale kituoni," Nyanchera alisema. "Ndiyo maana nilifikiri ni wewe."

"Mimi hucheka hata mazishini. Si ungeniuliza tu?"

Wazazi waliyamaliza hapo hapo, na Mwalimu Masese aliitwa awe shahidi. Nyanchera angechuma chai ya kina Makori kila siku mpaka plasta itolewe, na Jacinta angekikagua kikapu kabla hakijatoka shambani. Angwenyi angepanda machipukizi ya migomba mahali pa ile aliyoikata. Mjomba Thadeus alipigiwa simu, na aliyeongea naye ni Nyanchera mwenyewe. Alimweleza yote mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mjomba hakuamini. Mwishowe akasema atakuja Jumapili peke yake, kumjulia hali dada yake.

"Na Tofali, Mwalimu?" Nyanchera aliuliza wakati wa kuondoka. "Utalichoma?"

"Kwa nini?" Mwalimu Masese alisema. "Kitabu hakikufunga kamba."

Bathsheba alimshika binti yake begani, akaongea naye mbele ya wote, polepole, kama anavyoongea kituoni.

"Kupenda hadithi si kosa, na hata kuchuma vibaya siku moja si kosa la kuuana. Kosa lako lilianza pale gunia lilipomwagwa. Uliona haya, ukatamani haya hiyo iwe ya mtu mwingine. Ukishatamani hivyo, wa kulaumiwa hakosekani. Utamchukua aliye karibu. Siku nyingine, kabla hujashika fimbo, angalia mikono yako kwanza. Ukiona kosa ni lako, sema. Utaona aibu, watu watacheka, jua litatua. Aibu ya namna hiyo haijawahi kumvunja mtu mkono."