Usaili wa Wiki ya Sikukuu

"Mama, dukani siendi. Wapigie uwaambie naumwa."

Nilikuwa nampigia pasi sketi yake nyeusi. Nikaisimamisha pasi.

"Unaumwa nini?"

"Siumwi. Si nina kazi ofisini kuanzia mwezi wa kwanza? Meneja kasema duka litanipotezea muda."

Huyo ni mwanangu wa kwanza, tunamwita Chiriku kwa mdomo wake. Miezi minane amezunguka na bahasha ya vyeti mpaka kona zimeota manyoya. Sasa duka kubwa la viatu limemwita asaidie msimu wa sikukuu, aripoti saa sita mchana siku ile ile. Asipofika, wanamchukua mwingine. Na wakikupenda, wanakubakiza. Yeye anajifunika shuka.

Mama wenzangu, nakiri. Huyo meneja nilimpenda kabla ya mwanangu. Wiki moja nyuma Chiriku alipeleka barua kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, kijana mtanashati akaipokea. Kesho yake akapiga simu, akamfanyia usaili. Siku tatu mfululizo maswali tu. Siku ya nne akaanza kumuuliza kama amekula. Mimi nyuma ya mlango, sikio limenata, natabasamu peke yangu. Nilishaanza kumwita mkwe.

"Hebu nione picha aliyotuma leo," nikamwambia.

Akanipa simu. Ujumbe ulisema: *Malkia wangu, niko ofisini, kazi zimenizidi. Nakuwaza.* Chini yake, kijana amekaa kwenye kiti cha ngozi. Nyuma yake viti vingine vyote vimepinduliwa juu ya meza.

"Wenzake wako wapi?"

"Mama, ni bosi. Ana chumba chake."

"Chumba cha mtu mmoja kina viti sita?"

"Aa, mama na wewe! Unachunguza kama askari."

Basi, kitu kikaanza kuniwasha. Nikaaga naenda sokoni. Sokoni sikwenda.

Getini kwa ile ofisi palikuwa na mnyororo. Uani hakuna gari hata moja. Mlangoni karatasi: *Tumefunga. Tutafungua tarehe tano.* Na kijana wa kwenye picha, peku, suruali kaikunja hadi magotini, anamwagilia maua. Shati lake jeupe limetundikwa kwenye dirisha la kibanda cha mlinzi.

"Shikamoo mama. Ofisi imefungwa."

"Marahaba. Namtaka meneja."

"Yuko likizo, mama. Wote wako likizo."

"Na yule anayekaa kwenye kiti cha ngozi?"

Mpira wa maji ukamlowesha miguu, hakuuona.

"Wewe ni... mama yake nani?"

"Mama Chiriku."

"Mama, naomba nivae shati kwanza."

"Vaa. Ila aibu haifunikwi na shati."

Akavaa, vifungo vikakosea matundu. Akanisogelea kwenye nondo za geti.

"Mlinzi wao yuko likizo. Mimi nimeshika nafasi yake wiki mbili. Na mimi nilikuwa natafuta kazi, mama, nikapata hii."

"Na umeneja ulipewa na nani?"

"Siku ile ndiyo wamefunga, karatasi sijaibandika bado, niko ndani nafuta vumbi. Akaingia, akasema, 'Shikamoo bosi.' Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniita bosi. Nikaitikia."

"Siku moja sawa. Wiki nzima ulikuwa unaitikia tu?"

"Niliogopa atakata simu."

"Na kumzuia asiende dukani?"

Akainamisha kichwa.

"Akipata kazi yake, mimi ataniweka wapi?"

Ilikuwa saa tano kasoro. Nikapiga simu, nikaweka sauti ya juu.

"Mama, mbona nasikia maji?" Chiriku akauliza.

"Niko na meneja wako. Anamwagilia maua."

"Unasema?"

"Atasema mwenyewe." Nikapitisha simu kwenye nondo, kiganja changu kimeishikilia.

Kijana akasogeza mdomo kwenye simu.

"Chiriku... mimi siyo meneja. Ni mlinzi wa muda. Tarehe tano na mimi narudi kuzunguka. Kazi ya mwezi wa kwanza haipo. Nenda dukani. Tafadhali, wahi."

Nikasikia shuka linatupwa.

"Yale maswali ya usaili uliyatoa wapi?"

"Kwenye usaili wangu mimi. Nimeitwa mara kumi na moja, mara zote wamenikataa. Maswali yote yamebaki kichwani."

"Hata lile la 'tuambie udhaifu wako'?"

"Hilo ndilo lililoniangusha zaidi."

Nilitaka kucheka, mkono ukaenda jichoni.

"Sasa si ungeniambia?" Sauti ya mwanangu ilikuwa ya chini. "Tungekaa, unaniuliza, nakuuliza. Mlinzi ningempenda, wewe. Ningempenda kabisa. Ila mtu anayetaka nikae bila kazi, huyo nimfanyie nini?"

Simu ikakatika.

Nikabaki pale getini, miguu haitaki kuondoka mpaka nijue. Yeye naye hakurudi kwenye maua. Saa sita kasoro dakika tatu ujumbe ukaingia: *Nimefika. Wamenipa sare. Usinisubiri chakula cha mchana.*

"Kasema nini, mama?"

"Kafika."

"Alhamdu... basi, nashukuru." Akapangusa uso. "Hajaniulizia?"

Nikausoma tena ujumbe wote, juu hadi chini, kwa ajili yake. Maana alikuwa mtoto wa mwenzangu.

"Hajakuulizia, baba."

Mama wenzangu, ofisi ikimwita binti yako wiki ya sikukuu, wenye ofisi wote wako makwao, vaa viatu ukaone ni nani kashika funguo. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango natabasamu.