Mianzi Minane ya Bonane

Mvua ilikuwa imepungua kidogo Nestor alipoanza kupanda kilima cha Kalengo, bunduki begani, fimbo ya ngozi ya kiboko mkononi. Nyuma yake alikuja Faustin, polisi mwenzake, akiyatukana matope kila hatua. Ilikuwa jioni ya mwisho ya mwaka 1952. Kesho Bonane.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Amri ya Teritwari, utawala wa Wazungu wa wilaya, ilikwisha kusomwa sokoni Pinga, ikasomwa mbele ya kanisa, ikapelekwa kwa kila kapita wa kijiji: siku za Noeli na Bonane ni marufuku kuwasha baruti, ni marufuku kupasua mianzi motoni. Mwaka uliotangulia cheche zilikuwa zimeunguza nyumba tatu za majani. Hiyo ndiyo sababu iliyosomwa. Sababu ambayo haikusomwa ni kwamba Wazungu hawakupenda kusikia milio inayofanana na bunduki ikitoka msituni. Wao wenyewe, kule Masisi, walikuwa na sanduku zima la fataki za kurusha angani usiku huo huo.

"Tunachukua mianzi, tunafunga muntu mumoja ao wawili, tunashuka kulala Pinga," Faustin alisema. "Mimi sitalala huku."

Nestor aliendelea kupanda. Yeye alikuwa mtu wa Burungu, kwenye ng'ombe na mashamba ya maharagwe, ambako mtu anaona mbali. Msitu ulimbana kifua. Tena, kati ya vijiji vyote, hakutaka kuja Kalengo. Kalengo ndiko alikotoka yule mwanamume wa Noeli.

Jina lake Honoré. Siku sita nyuma, watu walipokuwa wakitoka misani pale Pinga, Honoré aliweka muanzi mmoja mbichi kwenye moto wa jikoni mwa mtu, ukapasuka paa! na watoto wakapiga vigelegele. Alikuwa amepata mjukuu. Alikuwa anafurahi tu. Sajini wao akamwonyeshea Nestor mtu huyo kwa kidevu. Wakamlaza Honoré kifudifudi uwanjani.

Sheria ilikuwa na idadi yake ya viboko, na sajini alihesabu hadi ikatimia, kisha akageuka kwenda zake. Hapo Honoré akainua uso wenye vumbi na kusema, kwa upole, "Inatosha, kaka."

Kaka. Mbele ya watu wote. Si bwana polisi. Kaka, kama vile walinyonya ziwa moja.

Nestor akaendelea kupiga. Hakuhesabu. Alipiga mpaka mkono wake ukafa ganzi, mpaka fimbo ikaanza kurusha damu usoni kwake. Walipomnyanyua Honoré, ndugu zake walimbeba kwenye machela kama mzigo wa mihogo. Tangu siku hiyo Nestor hakuuliza habari zake. Hakutaka kujua.

Kalengo ilikuwa kimya.

Hakuna mbwa aliyebweka. Hakuna mtoto. Watu walikuwa wamesimama mbele ya milango yao, wote, wakitazama upande mmoja. Katikati ya kijiji moto mkubwa ulikuwa unawaka, na kando yake mwanamke mmoja aliyenyolewa kichwa alikuwa amechuchumaa. Mianzi minane mibichi ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe, tayari.

Kapita wa kijiji, mzee Polycarpe, alikuja mbio, kofia mkononi.

"Papa polisi, tafazali. Muache huyu mama apasue yake. Iko minane tu. Akimaliza munifunge mimi, munipeleke buloko, sitasema neno."

"Amri haukusikia?" Faustin alifoka.

"Nilisikia. Lakini hii haiko ya kuchezea Bonane."

Nestor alisogea. Aliona kwamba kila muanzi ulikuwa umetobolewa tundu dogo, na tundu limezibwa kwa nta ya nyuki. Harufu ya nta ilikuwa nzito, na chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Nywele zilizoungua.

"Ndani muko nini?" aliuliza.

Mwanamke akainua uso. Hakuwa mzee. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Wale walikufa mwaka hii," alisema. "Muntu akikaribia kukata roho, tunaweka muanzi kwa mudomo. Pumzi ya mwisho inaingia, tunaziba. Mwaka ikiisha tunaipasua kwa moto, mbele ya watu wake, anaenda. Njo desturi yetu. Ikipasuka fasi ingine..."

"Jina lako nani, mama?"

"Pétronille." Akaunyoosha mkono, akaushika muanzi wa mwisho, ule mpya kuliko yote. "Huyu njo bwana yangu. Alikufa siku ya tatu kisha Noeli. Mugongo yake ilikuwa wazi, tulikuwa tunaona mifupa." Akamtazama Nestor bila kupepesa. "Wewe njo ulimupiga. Nilikuwa pale."

Nestor aliishusha fimbo. Alitaka kusema kitu. Labda angesema, apasue. Labda.

Faustin hakumpa nafasi. Alimpiga Pétronille kwa kitako cha bunduki, mdomoni. Meno yakasikika yakivunjika. Polycarpe alipojaribu kumkinga, kitako kilimshukia kwenye shavu, akaanguka karibu na makaa na mkono wake ukaingia motoni. Mzee alipiga yowe. Faustin alikuwa tayari anatawanya moto kwa buti, vijinga vikaruka huku na huku, kisha akapindua mtungi wa maji juu yake. Moshi mweupe ukawafunika wote.

"Funga hii mianzi!" Faustin alipaza sauti. "Itakuwa ushahidi kwa bwana Teritwari."

Na Nestor akaifunga. Mikono yake ilitii kabla ya moyo. Hakuna mwanakijiji aliyesogea kuwazuia. Hakuna aliyetukana. Walipokuwa wanaondoka, watu waliingia ndani mmoja mmoja, na milango ikafungwa kwa komeo.

Jua lilikuwa linazama. Njia ya Pinga ilishuka kati ya miti mikubwa, na chini ya miti giza lilikuwa limetangulia. Faustin alibeba mianzi begani. Manyunyu yalianza tena.

Walitembea.

Maji yalidondoka kwenye majani. Buti zilifyonza matope.

"Wachawi wale," Faustin alisema. "Pumzi kwa muanzi! Ningekuwa na..."

PAA!

Faustin aliruka. Mzigo ukaanguka. Muanzi mmoja ulikuwa umechanika toka juu hadi chini, vipande vyake vimesimama kama vidole. Nestor aliugusa. Ulikuwa baridi. Ulikuwa umelowa chepechepe.

"Ilikuwa karibu na moto," Faustin alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Joto ilibaki ndani."

"Tuitupe, kaka."

"Na sajini tutamwambia nini?"

Faustin aliuinua mzigo. Hawakufika mbali. Paa! Kisha wa tatu, papo hapo, paa! Safari hii kitu kilipita kando ya sikio la Nestor, upepo mdogo wa moto, wenye harufu ya kinywa cha mgonjwa. Nyuma yao, njiani, mtu alianza kutembea.

Walisimama. Yule naye akasimama.

Wakaenda. Akaenda. Na sasa haikuwa miguu miwili tu. Walikuwa wengi, miguu mitupu, wakikanyaga matope taratibu.

"Nani iko kule?" Faustin aligeuka na kukoki bunduki. "Nitapiga!"

Faustin alipiga risasi gizani, mara moja, mara mbili. Katika mwanga wa risasi ya pili Nestor aliona njia ikiwa tupu kabisa, na matope yakibonyea. Nyayo. Zilikuwa zinajichora zenyewe, zikija.

Mianzi minne ililipuka kwa pamoja begani mwa Faustin.

Nestor alirushwa kwenye vichaka. Alipoinua kichwa, masikio yake yalikuwa yanalia kengele. Faustin alikuwa bado amesimama, mikono imeshika shingo, na kati ya vidole vyake damu ilikuwa inaruka kwa mapigo ya moyo. Kipande cha muanzi, kirefu kama kisu cha kuchinjia, kilikuwa kimeingia chini ya taya na kutokea upande wa pili. Alipiga magoti. Akalala. Miguu yake ikapiga matope, mara tatu, nne. Ikatulia.

"Faustin," Nestor alinong'ona. "Faustin, kaka..."

Nestor alitambaa hadi pale alipolala mwenzake. Macho ya Faustin yalikuwa wazi, mvua ikiingia ndani bila yeye kuyafumba. Alikuwa amekufa. Hilo Nestor alilijua hata siku za baadaye, aliporudia jambo lile kichwani mara elfu. Faustin alikuwa amekufa.

Halafu mkono wa Faustin ukasogea.

Ulipapasa matope, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Ukaipata fimbo ya kiboko iliyomponyoka Nestor. Ukaishika. Na mwili wote ukainuka nyuma ya mkono ule, kichwa kikining'inia, kana kwamba mkono ndio uliouvuta.

Nestor alitaka kukimbia. Kitu kilimkandamiza mabegani. Mikono. Mingi, ya baridi. Ilimlaza kifudifudi kwenye matope, ikamshika vifundo na kumvua shati.

Pigo la kwanza lilimchana toka bega hadi kiuno.

"Moja," sauti ilisema. Haikutoka kwa Faustin, ambaye hakuwa na koo la kusemea. Ilitoka karibu na sikio la Nestor, ya upole, ya mtu asiye na haraka.

"Mbili."

Alipiga kelele. Aliomba kwa jina la Yezu na Maria. Aliita mama yake. Kwenye tisa alijikojolea. Kwenye kumi na sita alihisi ngozi ikiachana na nyama, na mvua ikiingia. Kwenye ishirini na mbili alianza kuuma ardhi, matope na mizizi, mpaka jino lake likavunjika. Sauti haikupanda wala kushuka. Ilihesabu tu, kama mwalimu darasani. Na Nestor akaelewa kwamba siku ile uwanjani, wakati yeye amesahau idadi, yuko mtu aliyeishika moja moja, uso wake ukiwa vumbini.

"Thelathini na saba."

Fimbo ikaanguka. Mwili wa Faustin ukaanguka juu yake. Ile mikono ya baridi ikamwachia.

"Inatosha, kaka," sauti ilisema.

Ilisemea ndani ya sikio lake. Ndani kabisa.

Hajui alilala pale muda gani. Alipoweza kusogea, alimsukuma Faustin pembeni na kupapasa mianzi. Saba ilikuwa vijiti vilivyochanika. Wa nane ulikuwa mzima, nta yake haijaguswa. Ule wa Honoré.

Nestor aliukumbatia. Wazo moja tu lilibaki kichwani mwake: upasuke kwa moto, mbele ya watu wake, aende. Akaanza kupanda kilima, kwa mikono na magoti.

Moto ulikuwa umewashwa tena. Pétronille alikuwa ameketi pale pale, kitambaa chenye damu mdomoni, na kando yake msichana mmoja akinyonyesha mtoto mchanga. Hawakushangaa kumwona akitambaa kutoka gizani.

"Mama, nisamehe," Nestor alisema. "Nimemurudisha. Umupasue. Aende."

Pétronille aliuchukua muanzi. Aliupima mkononi. Kitu fulani kilipita usoni mwake. Akaulaza katikati ya makaa.

Walingoja.

Gome la kijani likageuka njano, likageuka jeusi. Nta ikayeyuka, ikadondoka, ikawaka kidogo. Utomvu ulilia kwenye ncha. Nestor alikuwa amekunja mwili mzima, akingoja mlio.

Muanzi uliungua wote. Ukawa makaa, makaa yakawa majivu.

Haukulia.

"Hamukuwa muntu ndani," Pétronille alisema taratibu. "Alisha kutoka."

"Alienda wapi?"

Pétronille alichukua chungu cha maji ya uvuguvugu na majani ya dawa, akaanza kumwosha mgongo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, vilijua pa kugusa. Msichana aliacha kunyonyesha, akawa anamtazama Nestor, midomo ikitetemeka.

"Adelaïde, mwanangu, usilie," Pétronille alimwambia. Kisha akainama mpaka mdomo wake uliopasuka ukawa karibu na sikio la polisi. Akanong'ona, kama wake wa huko wanavyowaita waume zao:

"Papa Adelaïde?"

"Niko, mama," Nestor aliitika.

Hakuwa amefungua kinywa kwa hiari yake.

Mwezi wa pili sajini alikuja na polisi sita. Faustin walikuwa wamempata siku nyingi nyuma, wakamzika. Nestor waliandika kwamba ametoroka. Walipita Kalengo, wakahesabu vichwa, na hakuna aliyemtambua mwanamume aliyekuwa akilima kwenye mteremko, mwenye kichwa kilichonyolewa na mgongo wa makovu. Hata sajini alimpita hatua tatu tu. Nestor alimwita kwa nguvu zake zote. Jembe likaendelea kupanda na kushuka.

Béata, mkewe, alikuja baada ya hapo. Alitembea siku nne kutoka Burungu, peke yake, kwa sababu hakuamini kwamba mumewe anaweza kutoroka bila kumuaga. Alisimama kwenye ukingo wa shamba, miguu imevimba, akamtazama yule mwanamume muda mrefu.

"Nestor?" alisema. "Iko wewe?"

Nestor alimwona. Aliona kovu dogo kwenye kidevu chake, alilolipata alipoanguka kisimani walipokuwa wachumba. Ndani, mahali fulani nyuma ya macho, alipiga kelele mpaka akadhani fuvu lake litapasuka.

Mikono iliweka jembe chini. Uso ukatabasamu, kwa upole.

"Karibu, mama," kinywa kilisema. "Umetoka mbali. Nyumba njo ile, iko na moshi. Bibi yangu, mama Adelaïde, atakupatia chakula."

Béata alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Akashika mdomo, akageuka, akaanza kukimbia kushuka kilima.

Nestor alimsikia akilia mpaka kona ya mwisho. Mikono ikaokota jembe.