Sauti Chini ya Vyuma

Alichokiona kwanza Lamya ni taa ndogo nyekundu, haizidi punje ya mtama, ikiwaka juu ya kinasa sauti. Kijana aliyekishika, mwenye shati jeusi lililotobolewa na cheche, alikisogeza karibu na panga la mkata samaki pale sokoni Darajani. Damu ya papa ikamrukia shavuni. Hakujifuta.

"Unarikodi nini, kaka?"

"Muziki, dada."

"Huo? Mbona unanuka!"

Kijana huyo, Ammar, akacheka. Alikuwa akitengeneza albamu ya roki ya vyuma: magitaa, nyundo, jenereta. Bendi hakuwa nayo. Kila wiki waliingia watu wengine ghalani kwake Malindi, mlimokuwa mkihifadhiwa papa wakavu: mchomeleaji, mpiga fidla wa taarabu, Mzungu mpiga ngoma kutoka hoteli ya Kiwengwa. Sharti lilikuwa moja: kila ajaye anaongeza sauti yake juu ya za wenziwe, na hapana anayefuta ya mwenzake.

Lamya, fundi cherehani, alikwenda kumshonea mapazia ya magunia ya kuzuia mwangwi. Harufu ya mle ilimpanda kooni, akaziba pua kwa buibui. Lakini alirudi kesho yake, na kesho kutwa.

"Bibie, utatapika lini?" Ammar akimtania.

"Siku utakayoleta posa," akajibu kwa sauti ndogo, macho kwenye cherehani.

Siku moja, akishona, aliimba wimbo wa kubembelezea mtoto aliokuwa akiimbiwa na marehemu mama yake.

Mwezi uliofuata alipita kwenye baraza ya kahawa, akaisikia sauti yake ikitoka kwenye redio kaseti. Juu yake chuma kinasagwa, na mtu anapiga mbweu, nzito, ya maji.

"Rudisha hapo pa mbweu!" wanaume wakaangua kicheko.

Lamya alitema mate. Wiki nzima uji haukumpita. Kila upawa aliuona na mbweu ya mtu ndani yake.

Jirani yake, Bi Mwanakheir, akamwita kwenye simu; alikuwa Ammar.

"Lamya, roho yangu, ile si mimi. Mabrouk, yule mchomeleaji, alikuja baada yako, akaongeza yake. Na kaseti kaitoa yeye."

"Na wewe ulipoisikia?"

"Ningeifuta, lakini sharti letu..."

"Basi kalipose hilo sharti!" Akaikata simu.

Siku ya tatu Ammar alisimama mlangoni kwa Lamya, Michenzani, kanzu nyeupe, kucha zingali nyeusi.

"Nshafuta wimbo wote. Wenzangu wamenihama kwa kuvunja sharti. Albamu ina dakika nne za kimya."

"Bado unanuka papa."

"Nshaoga mara tatu! Nisamehe, Lamya. Nlikuibia sauti yako."

Ilikuwa rahisi kunyamaza na kumsamehe. Lakini kinyaa kilichombakia kilikuwa cha nafsi yake mwenyewe.

"Hukuniibia," akasema. "Ile taa nyekundu nliiona inawaka. Nliimba unisikie wewe. Wewe tu."