Ngozi Kwenye Usukani

Masakta mwezi wa Juni si mahali pa kucheza. Ukungu unashuka tangu alfajiri, manyunyu yanaufuata, na mtu asiye na shughuli habanduki motoni. Nikolausi alikuwa na shughuli. Alikuwa bwana mifugo. Kila asubuhi aliota moto kidogo, akanywa chai aliyopikiwa na mkewe Verediana, kisha akawasha pikipiki ya serikali na kwenda kuchanja ng'ombe wa watu.

Aliishi na mkewe, binti yao mdogo Ludovika, na baba yake, Mzee Margwe, katika kijiji kipya cha ujamaa hapo Masakta. Mzee alikuwa na ng'ombe wengi na wazuri. Wengine aliwaweka kwa majirani, maana ndiyo desturi ya huku. Mwenye ng'ombe wengi humpa jirani ng'ombe wa kutunza. Jirani hunywa maziwa, lakini ng'ombe si wake. Kwa desturi hiyo Mzee Margwe aliheshimiwa mpaka kijiji cha Nangwa.

Pikipiki ya Nikolausi ilikuwa na ubovu mmoja. Mipira ya kushikia kwenye usukani ilikuwa imekwisha. Wa kushoto ulipasuka ukaanguka njiani. Wa kulia, ule unaozungushwa kuongeza mafuta, ulibaki vipande. Nikolausi alishika chuma kitupu kwenye baridi ile. Alipofika kwa wafugaji vidole vilikuwa vimekufa ganzi, hawezi hata kushika sindano.

Aliomba mipira mipya stoo. Akajibiwa, "Hakuna, ndugu. Subiri." Akasubiri. Akaomba tena, akaambiwa vilevile. Mtunza stoo alikaa karibu na jiko la mkaa. Mikono yake ilikuwa na joto, kwa hiyo hakuona haraka ya kitu chochote.

Jioni moja Mzee Margwe aliiona mikono ya mwanawe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mikono hii imekuwaje?"

"Baridi, baba. Nashika chuma."

"Na wewe unangoja serikali ikuvishe? Mpini wa jembe ukipasuka, sisi tunafanya nini?"

"Tunavisha ngozi mbichi."

"Ikikauka?"

"Inabana."

"Basi lete hilo pikipiki lako hapa."

Verediana alikuwa akichambua maharage. Akainua kichwa. "Samahani, baba. Jembe halikimbii."

"Mama Ludovika, nyamaza," alisema Nikolausi. "Baba anajua kazi yake."

Ni kweli, mzee aliijua kazi yake. Jembe alilolivisha yeye halikulegea tena. Nikolausi naye alijua kwamba pikipiki ina mambo yake, lakini aliona vibaya kumkatalia mzazi. Heshima ni kitu kizuri, wala sisemi iachwe. Ila pikipiki haijui shikamoo.

Mzee akashona ngozi nene ya ng'ombe pande zote mbili. Upande wa kulia aliisogeza mpaka ikagusa kabisa kile kikombe cha chuma kinachoshika waya wa mafuta. Alisema hataki upepo upite. Akaiacha juani, ikakauka, ikabana. Watu wakaja kuisifu. Siku chache Nikolausi aliendesha mikono ikiwa na joto, na mzee akatembea kijijini akiwa na furaha.

Ndipo habari mbaya zikaja. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeingia kijiji cha Balangdalalu. Ng'ombe walikohoa, wakakonda, wakaanguka. Kila mfugaji wa Masakta aliogopa. Zamani mazizi yalikuwa mbalimbali. Sasa katika kijiji kipya yalikaribiana, na ng'ombe mmoja akikohoa wote wanasikia.

Chanjo ilifika mjini Katesh. Ilikuwa kidogo. Nikolausi alipewa fungu la Masakta, chupa ndani ya sanduku la barafu. Akalifunga nyuma ya pikipiki.

"Angalia sana, ndugu," aliambiwa. "Hatuna nyingine, na hatujui itakuja lini."

Njiani manyunyu yakaanza. Mtu yeyote aliyeshika ngozi iliyokaushwa juani anajua kinachotokea ikilowa. Inalainika, inavimba, inateleza. Ngozi ya kulia ikavimba ikajibana kwenye kile kikombe cha chuma. Nikolausi hakuona. Alipoanza kushuka mteremko wa mtoni, akazungusha mkono wa mafuta ili apunguze mwendo. Haukurudi. Injini ikaendelea kunguruma. Akanyoosha vidole kuikamata breki. Lakini ngozi ilikuwa nene mno, na vidole viliifikia kwa ncha tu.

Pikipiki ikaingia mtoni. Nikolausi akatupwa kwenye mawe. Kifundo cha mkono kiliteguka, na huo ulikuwa uchungu mdogo. Sanduku lilikuwa limepasuka. Chupa zilivunjika karibu zote, na zilizopona zilichukuliwa na maji. Aliinama akizitafuta kwa mkono mmoja, akilia kama mtoto.

Ugonjwa haukungoja chanjo nyingine. Uliingia Masakta. Ulianza kwa jirani, kisha ukaja kwa Mzee Margwe. Mzee alikaa zizini akiwasikiliza wakikohoa. Walikufa mmoja baada ya mwingine. Mwishowe zizi lilibaki tupu, na hata wale aliowaweka kwa majirani wa karibu walikufa.

Hakumlaumu mtu kwa mdomo. Lakini aliacha kuongea na Nikolausi. Nikolausi naye aliacha kula na baba yake. Verediana aliwapikia wote wawili, akapeleka chakula sehemu mbili. Nyumba yenye watu wasiosemezana ni baridi kuliko Juni.

Bwana Urban alikuja kutoa pole. Alikuwa bwana mifugo wa Nangwa, mtu wa Kilimanjaro, mwenye ulimi mkali kidogo. Alimwamkia mzee, akasalimia wote, kisha akaiendea pikipiki. Akaitazama ile ngozi kwa muda mrefu.

"Nani alifanya hivi?"

Mzee akajibu kutoka kwenye kigoda chake.

"Mimi."

"Umeshona vizuri, mzee. Lakini hapa si mahali pa ngozi." Akamgeukia Nikolausi. "Wewe ulijua. Kwa nini ulipanda?"

"Ningemwambiaje baba?"

"Ungemwambia kwa adabu. Kuna maneno ya adabu ya kukataa, ndugu yangu. Sasa njoo uone."

Alitoa mipira miwili mfukoni. Aliinunua Arusha kwa ajili ya mwenzake.

"Unaponunua, usinunue kwa macho tu. Nenda na mipira ya zamani, au angalau kipande. Tundu la mpira wa kulia ni pana zaidi, maana unavaa juu ya bomba linalozunguka. Wa kushoto unavaa chuma chenyewe. Ukiuziwa miwili ya tundu moja, mmoja utakataa kuingia au utacheza. Halafu shika. Vidole vikizunguka vizuri na kufika breki, huo ni wako. Ukiwa mnene, uache dukani."

Akaikata ngozi kwa kisu. Mzee Margwe akageuza uso.

Urban alifuta chuma kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na jiko. "Toa grisi yote, toa gundi ya zamani. Usipake mafuta wala samli ili mpira uingie. Utaingia kweli, na utatoka ukiwa mlimani."

Chuma kilipokauka, alipaka gundi ya viraka vya baiskeli, kidogo tu. Akasukuma mpira huku akiuzungusha. Upande wa kulia aliacha nafasi ndogo kati ya mpira na kikombe cha chuma.

"Unaona nafasi hii? Hii ndiyo uhai wako. Mpira usiguse hapa. Sasa tuache gundi ikauke mpaka kesho. Usipande leo hata ukiitwa na nani."

Kesho yake walijaribu. Urban alizungusha mkono wa mafuta, akauachia. Ukarudi wenyewe, ta! Akageuza usukani kushoto, akajaribu. Akageuza kulia, akajaribu. Kila mara ulirudi.

"Fanya hivi kila asubuhi kabla ya kuwasha. Usiporudi wenyewe, usiende."

Chanjo nyingine ilikuja baadaye sana. Nikolausi akatumwa kuipeleka Nangwa na kumsaidia Urban. Alijaribu mkono wa mafuta kama alivyofundishwa. Alipita palepale mtoni, akapunguza mafuta, pikipiki ikatii. Hakuna chupa iliyovunjika. Walichanja zizi baada ya zizi, na homa haikuingia Nangwa.

Baada ya mavuno mtu mmoja wa Nangwa alikuja Masakta kwa miguu akivuta ng'ombe mwenye ndama. Aliitwa Gidahosh, rika la Mzee Margwe.

"Nimekuja, mwenzangu," alisema. "Nimesikia mjukuu wako hana maziwa. Nimekuletea huyu umtunze."

Mzee Margwe alisimama polepole. Maisha yake yote alikuwa mwenye kuweka ng'ombe kwa watu. Hakuwa amewahi kuwekewa.

"Amechanjwa?" aliuliza.

"Amechanjwa. Kijana wako mwenyewe alikuja."

Mzee akamtazama Nikolausi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Kwa hiyo chanjo ya Nangwa ilifika."

"Ilifika, baba."

"Salama?"

"Salama."

Mzee akanyoosha mkono, akapokea kamba.

"Verediana," aliita, "lete kibuyu. Njoo ukamue ng'ombe wa watu."