Nyale Hakuaga

Chai ya Mbeyu iligeuka chumvi siku ya Jumatatu. Nyale, mumewe, alimtania kwamba mimba imempotosha ulimi. Kisha akanywa yeye, akatema dirishani. Maji ya mtungi, yaliyochotwa bombani asubuhi ile, yalikuwa ya bahari, na bahari kutoka pale hata ukipanda kilima huioni.

Kazi ya Nyale ilikuwa kupima maji na kudidimia kwa ardhi kwenye mgodi wa makaa ya mawe, bara ya Kilifi. Kila siku alikagua vigingi alivyopigilia juu ya mgodi, aone ardhi imeshuka kiasi gani, kisha huingia handaki la zamani lililotobolewa ubavuni mwa kilima apime maji yanayovuja. Nyumba yake haikuwa mbali. Penye ufa wa chumbani alikuwa amegandisha kipande cha kioo kwa saruji: ardhi ikisogea, kioo hupasuka. Siku ya chai ile kilipasuka. Mkubwa wake kazini akamwambia abandike kingine.

Akabandika. Kikapasuka. Ikawa kila jua likifika utosini, saa ambayo wazazi wa pwani huwaita watoto ndani, sakafu hulowa, chumba hunuka matope ya mikoko na udi wa zamani, na chini ya kitanda husikika mtu akikohoa kidogo, kwa adabu, kama mgeni aliyeketi barazani akingoja wenyeji wamkumbuke. Mbeyu, na mimba yake ya miezi minane, akakimbilia kwa mamake. Mtungi wa mamake nao ukageuka chumvi. Hapo Nyale aliogopa kwelikweli. Nyumba hujengwa nyingine. Mbeyu na mtoto angewapata wapi?

Akamrudisha mkewe, akamleta na Bi Jaha, mganga wa Malindi mwenye asili ya visiwa vya kaskazini. Bi Jaha alisikiliza habari za kazi yake, akaonja maji, akatema, akanong'ona.

"Baba, humo handakini waingiaje?"

"Napiga hodi tu, bibi. Nimelelewa hivyo. Wenzangu hunicheka."

"Na wajibiwa?"

Nyale akatazama chini. "Siku moja nilijibiwa, 'Karibu.' Nikadhani ni wenzangu wananifanyia mzaha. Nikaingia, nikapima, nikatoka."

"Ukaaga?"

"Nimuage nani, bibi? Hapakuwa na mtu."

"Subhanallah! Wapiga hodi nyumba ya majini, wakaribishwa, kisha watoka kama mwizi? Kwao wewe ungali mgeni. Waja kukutafuta. Rudi ukaage, mwanangu, kabla hawajachoka kungoja."

Kesho yake adhuhuri akaenda. Handaki lilikuwa kimya, pampu haisikiki, na kadiri alivyoingia ndivyo maji yalivyompanda vifundoni, magotini, mapajani, yakiwa na uvuguvugu wa maji ya kuogeshea mtoto, na ule udi ukamjaa puani hata asijue anavuta hewa au moshi, na taa ya kichwani ikamwonyesha maji tu, maji meusi yasiyo na mwisho, ingawa alijua fika kwamba ukuta uko hapo mbele, kwani juzi alikuwa ameugusa kwa kiganja chake.

"Naaga," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuja, nikaondoka bila kuaga. Niwieni radhi. Naenda zangu."

Ikamjibu sauti ya bibi kizee, laini: "Haya, baba. Ngoja tukusindikize."

"Msijisumbue," Nyale alisema, maana ndivyo mtu asemavyo.

"Si taabu."

Alishika njia ya nyumbani. Nyuma yake kitu kilikanyaga majimaji, chwa, chwa, njia nzima ya vumbi. Hakuthubutu kugeuka.

Mbeyu alimpokea mlangoni na kata ya maji. Yalikuwa matamu. Sakafu ilikuwa imekauka. Nyale akaketi kitandani, akalia kwa furaha.

"Bibi," sauti ikaita kutoka uani, "mumeo tumemfikisha. Nasi twenda zetu."

Nyale alifungua kinywa apige kelele. Kikajaa maji ya chumvi. Akatema, kikajaa tena. Miguu nayo haikuinuka.

Mbeyu alichungulia nje. "Kumbe ni vikongwe wawili wa watu," alimnong'oneza, "na wamekuleta mpaka hapa!" Kisha akapaza sauti. "Mwenda hivi hivi, kwa jua hili? Nyale kachoka, msimjali. Ngojeni nichukue leso, niwasindikize mimi."

Nyale alipopata nguvu ya kusimama, ua ulikuwa mtupu. Nyayo zilielekea handakini, za watu watatu. Mpaka penye kigingi chake cha mwisho, nyayo za Mbeyu zilikuwa kavu. Kupita hapo, nazo zilijaa maji.

Alisimama mlangoni pa handaki, hana la kufanya ila lile alilofundishwa utotoni.

"Hodi," alisema.

"Karibu," Mbeyu akajibu kutoka ndani.